Somo: Kampuni ikiahidi kazi, tuulize nini?

Katika kambi na vijiji vyetu kuna neno moja ambalo likitajwa kila mtu anatega sikio: kazi. Kijana mwenye kazi si rahisi kumwingiza katika kikundi cha silaha. Ndiyo maana kiongozi akisikia kwamba kampuni inaleta kiwanda, anafurahi kabla ya kuuliza. Tuangalie yaliyotokea Marekani, katika jimbo la Wisconsin.

Mwaka 2017 kampuni ya Foxconn ya Taiwan, inayounganisha simu na kompyuta (tantali inayotoka katika koltani ya kwetu huingia katika vyombo kama hivyo), iliahidi kujenga huko kiwanda cha skrini za televisheni. Ilitaja dola bilioni 10 na kazi 13,000. Serikali ya jimbo nayo iliahidi msaada wa dola karibu bilioni 3, sehemu kubwa ikiwa nafuu ya kodi.

Mahali palipochaguliwa ni Mount Pleasant, penye mashamba na nyumba za watu. Mwaka 2018 viongozi wa hapo walitangaza kwamba eneo hilo limechakaa, ili waweze kuchukua ardhi hata ya asiyetaka kuuza. Wenyeji walishangaa, maana nyumba nyingine zilikuwa mpya. Walilipwa, ni kweli, lakini majirani walitawanyika, jambo ambalo ninyi mliohama hamhitaji kuelezwa.

Kazi zilichelewa. Mpango ulibadilishwa mara kadhaa, na mwaka 2021 ukaandikwa mkataba mpya: kazi 1,454 na dola milioni 672.

Serikali ya jimbo ilikuwa imejilinda. Mkataba wa kwanza ulisema nafuu ya kodi itatolewa baada ya wafanyakazi kuhesabiwa. Mwaka 2018 hesabu haikutimia, na kampuni haikupata kitu. Viongozi wa Mount Pleasant ndio waliotangulia kutoa: walikopa pesa za ardhi, barabara na maji, na nyumba zikabomolewa wakati kazi bado ni maneno.

Maswali ya kujadiliana, viongozi pamoja na familia:

Kampuni ikija kwetu, nani atahesabu wafanyakazi, na lini? Je, waliohama watahesabiwa pamoja na wenyeji? Kuna familia itakayoondolewa kabla mtu wa kwanza hajaajiriwa? Mpango ukibadilika, deni litabaki kwa nani?