Jicho Limeona Nini, Nasi Tumeongeza Nini?



Sisi tunaosoma falsafa hukutana na swali hili mapema: ni kipi tunachokipata moja kwa moja, kabla hatujafikiri wala kuhukumu? Wapo wanaolikimbia wakidhani linabomoa imani, ilhali wanazuoni wetu walilishughulikia zamani.

Imam Ghazali (1058–1111), katika Al-Munqidh min adh-Dhalal, anaanza na macho. Kivuli huonekana kimetulia, kumbe kinasogea kidogo kidogo. Nyota huonekana ndogo mfano wa dinari, kumbe hesabu zathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Akajiuliza: ikiwa akili imezisuta hisi, ni nani atakayeisuta akili? Alikaa katika shaka hiyo karibu miezi miwili. Anasema hakutolewa na hoja, bali na nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake.

Kabla yake, Ibn Sina (980–1037) alitupa mfano mwingine. Mfikirie mtu aliyeumbwa ghafla akiwa mkamilifu, anaelea hewani, haoni kitu, na viungo vyake havigusani. Hatajua kuwa ana mwili, lakini hatakosa kujua kuwa yupo.

Nikiiweka mifano hii pamoja, naona kwamba jicho halikumdanganya mtazama nyota. Lilimpa nukta ya mwanga tu. Kusema "nyota ni ndogo" ni hukumu aliyoiongeza mwenyewe.

Tofauti hiyo inatuhusu hata mabwenini. Mtu husema, "Fulani nimemwona kwa macho yangu akitoka baa." Jicho limempa mtu anayetoka mlangoni. Kwamba amekunywa, hilo ni nyongeza. Huenda alikwenda kumtoa ndugu yake. Lakini ujumbe ukishaingia kwenye kundi la WhatsApp, heshima ya Muislamu imeshavunjwa, na kuirudisha ni kazi.

Suratun Nahl, aya ya 78, inatukumbusha kuwa tulizaliwa hatujui kitu, tukapewa masikio, macho na nyoyo. Suratul Israa, aya ya 36, inatuonya kuwa vyote hivyo vina maswali mbele. Kwa hiyo, kabla hujatoa ushahidi, jiulize: nimeona nini, na nimeongeza nini? Ukishindwa kuvitenganisha, nyamaza.

Wabillahi tawfiq.