Namba 300,000,000,000: Namba Moja, Majina Mawili

Wengi wetu katika kitivo cha lugha tunadhani kwamba namba kubwa ni kazi ya wanahisabati. Mimi ni mtu wa Yahuma, nimekua na Kilingala, na Kiswahili cha vitabu nimekisomea hapa Kisangani. Naona namba kubwa ni somo la mtafsiri pia. Tuchukue moja kutoka historia ya fedha yetu.

Mwaka 1993, zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998, faranga moja ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Tukizidisha, faranga moja ilikuwa sawa na zaire za zamani 300,000,000,000.

Tuichambue namba hiyo kama tunavyochambua neno mpaka kwenye mofimu. Namba tasa zinazoiunda ni tatu tu: 2 inajirudia mara 11, 5 mara 11, na 3 mara moja. Ili kupata idadi ya vigawo vyake, tunaongeza 1 kwenye kila hesabu ya marudio, kisha tunazidisha: 12 × 2 × 12 = 288. Marudio yote ni witiri, kwa hiyo namba hii si mraba. Lakini tukiizidisha kwa 30, tunapata mraba wa 3,000,000, yaani ile namba ya mwaka 1993.

Sasa tuitaje. Tanzania na Kenya wanasema bilioni mia tatu. Sisi, kwa kufuata Kifaransa, tunasema miliari mia tatu. Mtego uko hapa: Kifaransa nacho kina neno «billion», ila maana yake ni milioni mara milioni, yenye sufuri 12. Anayetafsiri mkataba kutoka Dar es Salaam akaandika «billion» penye bilioni, amelikuza deni mara 1,000.

Je, hesabu itamwonya? Kujumlisha tarakimu hakutamsaidia: namba sahihi inatoa 3, na yenye kosa inatoa 3 vilevile, maana sufuri haziongezi kitu. Vigawo ndivyo vinavyofichua: vya kwanza ni 288, vya pili ni 450. Njia fupi ni kuhesabu sufuri, na kuandika tarakimu kando ya maneno kila mara.

Zoezi: tafsiri kwa Kifaransa «shilingi bilioni mbili na nusu». Andika kwanza 2,500,000,000, ndipo utafute jina. Utapata «deux milliards et demi». Kisha hesabu vigawo: 2 inajirudia mara 8, 5 mara 10, basi 9 × 11 = 99. Idadi ya vigawo ikiwa witiri, namba ni mraba. Ni mraba wa namba gani? Wa 50,000.