Sinki la Bafuni Halitoi Maji: Yanakatikia Wapi?

Fundi bomba anajibu maswali ya wasomaji wanaoshika spana kwa mara ya kwanza.

Fundi, sinki la bafuni linatoa maji kama uzi, wakati jikoni yanamwagika vizuri. Ninunue koki mpya?

Usinunue kitu bado. Kwanza tujue maji yanakatikia wapi. Maadamu jikoni yanatoka, tenki halina neno. Tatizo liko huko huko bafuni. Anzia mdomoni mwa koki. Pale pana kichujio cha wavu kinachofunguka kwa mkono. Kikigoma, kizungushie kitambaa ndipo uweke spana. Kigonge kiganjani. Maji yaliyorudi baada ya mgao huja na mchanga na chenga za kutu, na kama nyumba ni mpya utakuta hata vinyuzi vya plastiki vilivyobaki fundi alipokata mabomba. Kwa maji ya kisima, mara nyingi ni ukoko mweupe wa chokaa: kiloweke kwenye siki saa chache, kisha usugue kwa mswaki mkuukuu. Kabla hujakirudisha, fungua maji. Yakitoka kwa nguvu, kazi imeisha na hujatumia hata shilingi.

Nimekisafisha, hali ni ile ile.

Basi inama chini ya sinki. Utaona valvu ndogo ukutani na mpira wa fleksibo unaopanda hadi kwenye koki. Angalia kwanza kama valvu imefunguliwa yote. Usicheke, nimeitwa nyumba nyingi kwa ajili ya hilo tu. Kisha ifunge kwa kuizungusha kama mshale wa saa unavyokwenda, achia koki imwage yaliyobaki, fungua nati ya juu ya mpira, elekeza ncha yake kwenye ndoo, na ufungue valvu taratibu. Ndoo ikijaa haraka, koki ndiyo iliyoziba. Maji yakidondoka tu, funga geti valvu ya nyumba, toa mpira wote uupulize kwa mdomo. Pumzi ikipita bila kizuizi, mpira ni mzima, kwa hiyo ni valvu, ibadilishe.

Nikirudisha mpira, unavuja. Nimefunga tredi tepu nyingi tu!

Hapo ndipo wanaoanza wanapokosea. Ndani ya nati ya fleksibo kuna washa ya mpira, na hiyo ndiyo inayozuia maji, siyo tepu. Angalia kama washa ipo na haijapasuka, kaza kwa mkono mpaka igome, kisha ongeza robo mzunguko kwa spana malaya. Basi. Nilipokuwa najifunza kazi niliwahi kukaza hadi nati ikapasuka, tukashinda tunakausha chumba. Tepu ni ya valvu inapoingia kwenye bomba la ukutani. Izungushe kuelekea upande utakaokazia, la sivyo itajifungua unapofunga.

Kwangu maji ni hafifu nyumba nzima. Tenki liko juu ya paa.

Hapo usiguse sinki. Kila mita 10 za kimo cha maji huleta shinikizo la takriban baa 1. Kama maji ya tenki yako mita 3 tu juu ya koki, unapata baa 0.3, na koki nyingi za kisasa za kuchanganya moto na baridi hazifurahii kiasi hicho. Koki ya kawaida ya kuzungusha itakufaa zaidi. Kama tatizo limeanza baada ya tenki kukauka, inawezekana hewa imenasa kwenye bomba: fungua koki ya chini kuliko zote, iache imwage hadi iache kukohoa.

Ni wakati gani nimuite fundi?

Unapofungua valvu ya ukutani ukaona bomba lenyewe linazunguka nayo. Acha hapo hapo. Bomba likikatikia ndani ya ukuta, vigae vitabomolewa. Funga geti valvu, upige simu.