Baba Naye Amkande Mtoto

Katika nyumba nyingi kazi ya kumkanda mtoto mchanga huachiwa mama au nyanya. Baba hutazama tu, akiogopa kumwumiza. Lakini mtoto huizoea mikono inayomgusa, na mama aliyekesha akinyonyesha anahitaji kupumzika.

Baba, kwanza kata kucha, vua pete na saa, kisha unawe mikono. Chagua chumba chenye joto, na usubiri kama nusu saa baada ya mtoto kunyonya. Jipake mafuta kidogo ya nazi au alizeti viganjani. Anza na miguu, kisha mikono na mgongo, polepole. Tumbo lisugue kwa kuzungusha kiganja kufuata mwendo wa mishale ya saa. Usibonyeze utosi, usivute viungo, wala usitie mafuta puani au masikioni. Akilia au akigeuza uso, acha. Akiwa na homa msimkande. Mpelekeni hospitali bila kukawia.

Mama, usimkosoe mwenzako kwa kila jambo dogo. Mwachie nafasi ajifunze, nawe ulale. Dakika 10 kila jioni zinatosha.