Kila Mkono na Kikata Kucha Chake

Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya: namna ya kuandaa mfuko wa kutunzia kucha nyumbani kwa gharama nafuu

1. Mwalimu alitazama kucha, hakutazama wembe

Aliyesoma shule ya msingi anaikumbuka asubuhi ya ukaguzi wa usafi. Mstari umenyooka, mikono imenyooshwa mbele, mwalimu wa zamu anapita akitazama kidole kwa kidole. Mwenye kucha ndefu alijua la kufanya kabla hajafikiwa: alichepuka nyuma ya darasa, akaazima wembe kwa mwenzake, akazikwangua harakaharaka na kurudi mstarini. Wembe ule ule ulishakata kucha za watu wanne, na mmoja wao alijikata hadi damu ikatoka.

Hapo tulijifunza nusu ya somo, kwamba kucha ziwe fupi. Nusu ya pili, yaani kifaa kimetoka kwa nani na kimesafishwaje, hatukuulizwa. Kijitabu hiki kinaimalizia nusu hiyo. Hakikutaki uwe na vifaa vingi. Kinakutaka uwe na vichache, vyenye mwenyewe anayejulikana.

2. Ukucha ni mfuniko

Ukucha unaouona umeshakufa, ndiyo maana kuukata hakuumi. Sehemu iliyo hai imejificha chini ya ngozi, kwenye mzizi. Kigozi chembamba kinachozunguka mzizi huo kazi yake ni kuziba mlango ili maji, uchafu na vijidudu visiingie ndani. Ukikikata ili kidole kionekane nadhifu, umeufungua mlango huo. Kidole kinachovimba, kuwaka moto na kutunga usaha pembeni mwa ukucha, ambacho wengi husema kimeingiwa na mdudu, mara nyingi kimeanzia hapo.

Ukucha wa mkono hukua kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, na huchukua karibu miezi 6 kuota upya wote. Ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua miezi 12 hadi 18. Kwa hiyo kosa la dakika moja unaweza kuliangalia mwaka mzima.

Upenyo ulio chini ya ncha ya ukucha nao una mambo yake. Sisi tunamega ugali, tunakanda unga na kumlisha mtoto kwa mkono. Mtoto mwenye minyoo midogo myeupe huwashwa usiku sehemu ya haja kubwa. Hujikuna, mayai ya minyoo hukwama chini ya kucha, na asubuhi mkono unaingia mdomoni. Kwa njia hiyo hujiambukiza tena hata baada ya kumeza dawa, na huwaambukiza anaolala nao. Kucha fupi na sabuni huukata mzunguko huo.

3. Vitu vya kuweka mfukoni

*Vya kununua kwanza*

- Kikata kucha cha chuma. Kabla ya kulipa, kibane na ukiinue kwenye mwanga. Meno yake yakutane bila kuacha nafasi. Kijaribu kwenye karatasi: kizuri hukata, kibovu hukunja na kuchana. Kibovu kitafanya vivyo hivyo kwenye ukucha. Chenye kutu kiache dukani.
- Msasa wa kucha. Ule wa karatasi ni wa bei ndogo, lakini hauwezi kuchemshwa. Uwe wa mtu mmoja, na ukilainika utupwe. Chagua wenye chembe ndogo. Wenye chembe kubwa huchanachana ncha za ukucha.
- Chupa ndogo ya spiriti na pamba, kutoka duka la dawa.

*Vilivyomo nyumbani tayari*

- Beseni dogo, sabuni ya kipande na kitambaa safi.
- Mswaki mkuukuu wenye nywele laini, kwa kusugulia chini ya kucha. Uwekee alama ili usirudi mdomoni mwa mtu.
- Mafuta ya nazi au mafuta ya mgando.
- Kopo lenye mfuniko, au mfuko wa kitambaa unaokauka upesi.

*Usivyohitaji*

Seti za kung'aa zenye vyuma kumi na viwili huvutia macho, lakini mwanzoni hutatumia hata nusu yake. Makasi ya kukatia vigozi na vyuma vyenye ncha vya kuchokonolea humdhuru asiyefundishwa kuliko kumfaa. Wembe nao hauna nafasi humu. Huteleza, hukata nyama, na ndicho kifaa kinachoazimwa kirahisi kuliko vyote.

Kama fedha haitoshi kwa vyote mara moja, anza na kikata kucha. Mwezi ujao ongeza msasa. Sabuni na mafuta unavyo.

4. Siku ya kucha, hatua kwa hatua

Chagueni siku moja ya wiki, familia nzima. Waislamu wengi hupenda Ijumaa, kwani kukata kucha ni katika suna na mafundisho yanataka zisiachwe zaidi ya siku 40. Wengine huona Jumamosi jioni inawafaa, kabla ya ibada na wiki ya shule. Kucha za mikono zikatwe kila wiki, na za miguu kila wiki mbili au tatu.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Loweka vidole kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 5, au ukate baada ya kuoga, ukucha ukiwa umelainika.
2. Sugua chini ya kucha kwa mswaki wenye sabuni. Usichokonoe kwa pini wala kijiti kikali. Ukizidi kuchimba, ukucha huachana na nyama na uchafu hupata nafasi kubwa zaidi.
3. Kata kidogokidogo. Kucha za mikono zifuate umbo la kidole. Za miguu zikatwe kwa kunyooka, na pembe zisichimbwe. Pembe iliyochimbwa huota ikielekea nyamani, hasa kwa anayevaa viatu vya kubana.
4. Kausha, kisha piga msasa kuelekea upande mmoja. Kwenda na kurudi kama msumeno hupasua ncha.
5. Kigozi cha mzizi kisukume taratibu kwa kitambaa chenye unyevu, basi. Kigozi kilichochanika na kusimama pembeni kikate kwa kikata kucha. Usikivute wala kuking'ata.
6. Paka mafuta kidogo, ukiyakandia kwenye mzizi. Anayefua na kuosha vyombo kutwa ayapake kila usiku, maana maji na sabuni hukausha kucha hadi zikakatika.
7. Kusanya vipande kwenye karatasi. Wazee wetu hawakuacha kucha zao zikizagaa, walizifukia. Hata asiyeamini sababu zao anaweza kuufuata utaratibu wao: zifukie au zitupe jalalani, zisibaki kwenye jamvi wanapotambaa watoto.

5. Kusafisha vifaa

Damu isiyoonekana kwa macho inatosha kuambukiza. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na zaidi vikiwa bado na nguvu, hata kwenye damu iliyokauka. Kwa sababu hiyo kusema "nimekifuta kwa kitambaa" hakutoshi.

Kifaa cha mtu mmoja: kila baada ya kazi kioshe kwa sabuni na mswaki, kisuuze, kikaushe, kisha kifute kwa pamba yenye spiriti. Acha spiriti ikauke yenyewe. Uchafu uondoke kwanza, kwa sababu spiriti haipenyi vizuri palipo na uchafu.

Kifaa kinacholazimika kutumiwa na zaidi ya mtu mmoja, au kilichogusa damu: kioshe kwanza, kisha kichemshe. Anza kuhesabu dakika 20 maji yanapotokota, na kifaa chote kiwe kimezama. Njia nyingine ni kukiloweka kwa dakika 10 kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ambayo wengi huiita jiki. Soma chupa: kama imeandikwa asilimia 3.5, changanya kikombe 1 cha dawa na vikombe 6 vya maji. Kisha suuza na kukausha, maana klorini hula chuma. Usiichanganye kamwe na spiriti, siki wala dawa ya kusafishia choo. Hutoa mvuke wenye sumu.

Msasa wa karatasi hausafishiki. Msiazimane.

Utaratibu huu unawahusu pia vijana wapaka rangi za kucha wanaozunguka na makapu yao mitaani. Wengi ni mafundi hodari, lakini kapu ni moja na wateja ni wengi, na maji ya kuchemshia hayapo njiani. Ukimwita, mpe kikata kucha chako, msasa wako na beseni lako. Mwombe asikate vigozi. Fundi mwerevu hatachukia. Atamaliza kazi mapema.

6. Wanaohitaji uangalifu zaidi

Mtoto mchanga. Mkate kucha akiwa amelala au ametoka kunyonya. Vuta nyama ya ncha ya kidole chini, mbali na ukucha, ndipo ukate. Baadhi ya kina mama hung'ata kucha za mtoto kwa meno wakiogopa chuma. Tuache hilo: kinywa cha mtu mzima kina bakteria na virusi ambavyo mwili wa mchanga haujaviweza.

Wazee. Kucha za miguu huwa nene na ngumu. Loweka dakika 10 hadi 15, kata vipande vidogovidogo, na umuulize kama anaumia. Bibi asiyeweza kuinama hawezi pia kuziona nyayo zake. Siku ya kucha ndiyo siku ya kumwangalia.

Mwenye kisukari. Miguu yake inaweza kupoteza hisia, akajikata asijue, na kidonda kikachelewa kupona. Asiloweke miguu muda mrefu, akaushe katikati ya vidole, na aangalie nyayo kila siku kwa kutumia kioo au macho ya mwanawe. Ganzi ikiwa imeanza au kucha ni nene, akatiwe na mhudumu wa afya kliniki.

Mwenye funza. Kuchokonoa kwa pini inayopokezanwa huleta maambukizi, na pepopunda ni mojawapo. Mpelekeni kituo cha afya. Nyumbani mwagieni maji sakafu ya vumbi kabla ya kufagia, na watoto wavae viatu.

7. Rangi, hina na piko

Pambo si dhambi ya kiafya. Chanda chema huvikwa pete, na ukucha mzuri una haki ya rangi. Ila yapo ya kuzingatia.

Rangi ya dukani ipakwe kwenye ukucha mkavu, ikitanguliwa na rangi isiyo na rangi ili ukucha usibaki wa njano. Usiibandue kwa meno au kisu, kwani hutoka na tabaka la ukucha. Asetoni ya kuifutia hukausha kucha, na hushika moto haraka. Usiitumie karibu na jiko la mkaa au mshumaa, na iwekwe mbali na watoto. Wanaoifuta kila mara kwa ajili ya udhu hukuta kucha zao zimekauka. Hao hina huwafaa zaidi, kwa kuwa hupenya ndani ya ukucha na haiweki tabaka juu yake.

Hina ya majani hutoa wekundu wa machungwa au kahawia, na huhitaji saa kadhaa kukolea. Ikikolea nyeusi tiii kwa dakika chache, hiyo si hina. Ni piko, yaani dawa ya kugeuzia nywele rangi, yenye kemikali inayoweza kubabua ngozi na kuacha makovu. Mwili ukishaikataa mara moja, utaikataa hata utakapopaka rangi ya nywele miaka ijayo.

Kucha za bandia zisigandishwe kwa gundi ya viatu au ya vyombo. Kucha ya bandia ikilegea, maji hukwama chini yake na ukucha wako hugeuka kijani au hutoa harufu ya kuoza.

8. Nenda kituo cha afya ukiona haya

- Kidole kimevimba, kinapwita na kina usaha. Usikitumbue nyumbani.
- Ukucha umekuwa mnene, wa njano na unamung'unyika. Huenda ni fangasi. Tiba yake ni ya miezi, na dawa ya kubahatisha hupoteza fedha.
- Kucha zimebonyea katikati kama kijiko, au zimepauka pamoja na viganja. Pima damu.
- Mstari mweusi au wa kahawia kwenye ukucha. Kwa watu weusi mistari ya namna hii kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida. Ila ukiwa mmoja tu, mpya, unaopanuka au uliomwagika hadi kwenye ngozi, usiupake rangi. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36 kwa saratani ya ngozi iliyoanzia kwenye kidole gumba cha mguu, chini ya ukucha. Mwanzoni ilidhaniwa ni jeraha la mpira.

Vidoa vyeupe vidogo, ambavyo wengi huvitilia shaka, kwa kawaida ni alama za ukucha uliogongwa. Hukua na kutoka vyenyewe.

9. Kata ukurasa huu, ubandike ukutani

1. Kucha za mikono kila wiki. Za miguu wiki mbili au tatu.
2. Miguu: kata kwa kunyooka, acha pembe.
3. Kigozi cha mzizi hakikatwi.
4. Osha kwanza, kisha spiriti. Cha kushirikiana, chemsha dakika 20.
5. Wembe, pini na msasa haviazimwi.
6. Ukienda kupakwa rangi, nenda na vyako.

Leo, kabla hujakirudisha kijitabu hiki kabatini, chukua kalamu na uandike majina kwenye makopo: la baba, la mama, la bibi, la kila mtoto. Siku mtoto atakapoombwa kikata kucha shuleni, atakuwa na jibu: "Hiki kina jina."