Jina si Anwani: Utatuzi wa Hitilafu za Mwenyeji Pepe katika Seva ya Wavuti

Makala haya yanachunguza hitilafu ya kiufundi ambayo kwa kiasi fulani ina mizizi katika lugha. Katika Kiswahili cha kila siku, 'anwani ya tovuti' hurejelea herufi ambazo mtumiaji huandika katika kivinjari. Kwa msimamizi wa seva, hata hivyo, hilo ni jina. Anwani ni nambari inayoutambulisha mtambo mtandaoni. Mwanafunzi asiyezitenganisha dhana hizi mbili atatatizika kueleza ni kwa nini tovuti ya Idara ya Kiswahili inapoitwa, ukurasa wa Idara ya Historia ndio unaojitokeza.

Hapo awali tofauti hii haikuwa na uzito mkubwa. Chini ya toleo la 1.0 la itifaki ya HTTP, kivinjari hakikulazimika kutaja jina la tovuti kilichoiomba. Kwa hivyo kila tovuti ilihitaji anwani yake. Maelezo rasmi ya toleo la 1.1, yaliyochapishwa Januari 1997, yaliagiza kwamba kila ombi libebe kichwa kiitwacho Host, yaani jina la tovuti inayotafutwa. Kuanzia hapo mtambo mmoja wenye anwani moja uliweza kubeba mamia ya tovuti.

Hali hii ni mfano wa ploti yenye vyumba vya kupangisha. Lango ni moja, na mgeni anapobisha hana budi kutaja anayemtafuta. Ndiyo sababu istilahi 'mwenyeji pepe' inafaa: 'mwenyeji' ni yule anayepokea wageni, na '-pepe' imekwisha kuzoeleka kupitia 'barua pepe'. Wapo wanaoweza kupendelea 'mpangaji', lakini neno hilo linasisitiza kodi badala ya mapokezi. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni tabia ya bawabu. Katika seva ya Apache, mgeni anayetaja jina lisilojulikana harudishwi langoni. Hupelekwa kwa mwenyeji aliyeandikwa wa kwanza katika usanidi. Kwa hivyo ukurasa wa Historia unapotokea mahali pa ule wa Kiswahili, si ajabu wala si uharibifu. Ni dalili kwamba jina halikulingana na lolote lililosajiliwa.

Uchunguzi huanzia nje ya seva. Je, jina linaelekeza kwenye anwani ya mtambo unaohusika? Iwapo sivyo, kuhariri usanidi ni kupoteza wakati. Msimamizi anaweza kuliandika jina na anwani katika faili la /etc/hosts la tarakilishi yake mwenyewe, kisha ajaribu tena. Tovuti sahihi ikifunguka, kosa limo katika usajili wa majina.

Isipofunguka, amri ya apachectl -S ndiyo yenye manufaa kuliko zote, na inashangaza jinsi inavyosahauliwa. Amri hii huorodhesha kila mwenyeji pepe, jina lake, faili na mstari alikoandikwa, na yule anayepokea wageni wasiojulikana. Idara ya Kiswahili isipoonekana katika orodha, huenda faili lake halijajumuishwa, au seva haijapakia upya usanidi. Ikionekana, herufi za agizo la ServerName zikaguliwe moja baada ya nyingine. Jina lenye www na lisilo nayo ni majina mawili. La pili sharti litajwe katika ServerAlias.

Kuna mtego mwingine uliofichika zaidi. Seva hutazama anwani kwanza, ndipo itazame jina. Kifungu cha Historia kikiandikwa kwa nambari kamili ya anwani, na cha Kiswahili kikiandikwa kwa kinyota, yaani *:80, maombi yote yanayofikia anwani hiyo yatakwenda kwa Historia hata kama jina la Kiswahili limeandikwa bila dosari. Suluhisho ni vifungu vyote viandikwe kwa namna moja.

Miongozo ya zamani nayo hupotosha. Hadi toleo la 2.2 la Apache, agizo la NameVirtualHost lilihitajika. Lilipokosekana, mwenyeji wa kwanza alitwaa wageni wote. Katika toleo la 2.4, lililotolewa mwaka 2012, agizo hilo halina kazi tena na huzua onyo tu. Toleo hilo pia lilibadilisha maagizo ya ruhusa. Ujumbe wa 403 baada ya kuhamia toleo jipya, mara nyingi, humaanisha kwamba mgeni amefikishwa kwenye chumba kinachofaa ila mlango umefungwa. Kinachokosekana ni Require all granted.

Kwa tovuti zinazotumia HTTPS, cheti huonyeshwa kabla ya kichwa cha Host kusomwa. Nyongeza ya itifaki ya usalama iliyochapishwa mwaka 2003 ilikiwezesha kivinjari kutaja jina mapema, wakati wa kusalimiana na seva. Kivinjari kikongwe kisichofanya hivyo hupewa cheti cha mwenyeji wa kwanza, hata pale ambapo usanidi hauna kosa lolote.