Roli Ngapi za Karatasi za Ukutani?

Swali: Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kuta za kimo cha mita 2.4, chahitaji roli ngapi?

Jibu: Hesabu hii haifai kufanywa kwa mita za mraba, kama ya rangi, kwa sababu karatasi hubandikwa kwa kanda zishukazo kutoka darini hadi sakafuni, na kipande kibakicho mwishoni mwa roli, kikiwa kifupi kuliko ukuta, aghalabu hakifai. Mzingo, yaani jumla ya upana wa kuta zote, ni mita 14, ambazo zikigawanywa kwa sentimita 53, upana wa roli ya kawaida ya Ulaya, hudai kanda 27. Roli hiyo ina urefu wa mita 10.05, hivyo hutoa kanda nne za mita 2.5, zikiwamo sentimita 10 za kupunguzwa kingoni, na roli 7 hutosha. Nakshi ndiyo igeuzayo hesabu: mrudio wake, yaani umbali hadi ua lilelile litokee tena, ukiwa sentimita 53, kila ukanda huhitaji mita 2.65 ili maua yaoane, roli hutoa kanda tatu tu, na mahitaji hufika roli 9. Roli zote zinunuliwe pamoja, zikiwa na namba moja ya toleo, kwa kuwa rangi ya toleo jingine huweza kutofautiana.